Msaidizi wa Darasani na Mwalimu Wake: Je, Kimya ni Adabu?

Wanafunzi wa isimujamii wanapofundishwa sajili ya darasani, huelezwa kwamba wahusika wake ni wawili: mwalimu na mwanafunzi. Mwalimu huuliza, mwanafunzi hujibu. Mwalimu huamuru, mwanafunzi hutii. Ubao, chaki na istilahi za somo hukamilisha mandhari. Maelezo haya yamekaririwa katika vitabu vya marudio kwa miaka mingi, na mtahiniwa anayeyatoa hupata alama zake zote. Lakini atakayeingia leo katika darasa la chekechea mjini, au katika kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu kwenye shule ya msingi, huenda akamkuta mtu wa tatu. Mtu huyu anazunguka katikati ya madawati. Anamfunga mtoto mmoja kamba za viatu, anamshika mwingine mkono ili aiumbe herufi, anamtoa wa tatu nje mbio kabla hajajichafua. Ndiye msaidizi wa darasani. Sajili ya darasani haimtaji, na aghalabu hata mwalimu anayeshinda naye chumba kimoja kutwa hana lugha ya kuzungumza naye.

Makala haya yanashikilia kwamba kikwazo kikubwa cha mawasiliano kati ya mwalimu na msaidizi wake si uchache wa elimu ya msaidizi, kama inavyodaiwa mara nyingi, bali ni kufasiriwa vibaya kwa adabu. Msaidizi amefunzwa na jamii, na shule ikamkazia funzo hilo, kwamba kumheshimu mwalimu ni kumnyamazia. Anayelipa gharama ya kimya hicho ni mtoto.

Na tuchukue mfano wa kubuni ambao, hata hivyo, walimu wa madarasa ya chini hawatauona mgeni. Mtoto wa miaka mitano haitiki akiitwa. Mwalimu amemwita mara tatu, amemhesabu kuwa mkaidi, na mwishoni mwa juma amemwandikia mzazi kwamba mwanawe hana nidhamu. Msaidizi, ambaye humnawisha mtoto huyo mikono kila siku kabla ya uji, ameona jambo jingine. Mtoto akisemeshwa kutoka upande wa kushoto hanyanyui hata kichwa. Akisemeshwa kutoka upande wa kulia hujibu papo hapo, tena kwa uchangamfu. Ameona pia sikio la kushoto likitoa usaha mara kwa mara. Anajua, basi, jambo ambalo mwalimu halijui, na ambalo mhudumu wa zahanati angeweza kulishughulikia mapema. Muhula unakwisha kabla hajalisema. Si kwamba hampendi mtoto. Hakuna aliyemuuliza, wala hakuna wakati uliotengwa wa kuulizana. Na kumwendea mwalimu ambaye amekwisha kutoa hukumu ili kumwambia kwamba amekosea ni kumvunjia heshima, na pengine ni kujitafutia kufutwa kazi.

Tatizo huanzia kwenye jina. Mwanafunzi wa sarufi anafahamu kwamba "mwalimu msaidizi", "msaidizi wa mwalimu" na "msaidizi wa darasani" si kitu kimoja. Wa kwanza ni mwalimu, ila cheo chake kiko chini ya kingine. Wa pili ni mali ya mwalimu: kazi yake ni yale mwalimu anayotaka afanyiwe, yakiwemo kuletewa chai. Wa tatu kazi yake ni darasa, yaani watoto. Shule ikimwajiri mtu kwa jina la tatu na kumtumia kwa maana ya pili, imekwisha kuyaharibu mawasiliano kabla ya salamu ya kwanza. Katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, majina yote matatu hayasikiki sana. Kinachosikika ni "anti", au "aya", neno lililotoka katika Kireno, likapitia Bara Hindi na kuenea katika nyumba za Waingereza wa kikoloni likimaanisha mwanamke anayelea watoto wa bwana. Watoto wakimwita "anti" hapana ubaya. Ni neno la jamaa, nalo lina joto. Ubaya upo pale mwalimu mwenyewe anapomwita "anti" ilhali yeye hutarajia kuitwa "Mwalimu". Roger Brown na Albert Gilman walionyesha mwaka 1960, katika utafiti wao kuhusu viwakilishi vya nafsi ya pili katika lugha za Ulaya, kwamba watu wawili wasipoitana kwa namna moja, tofauti hiyo ni ishara ya mamlaka. Kiswahili hakina viwakilishi viwili vya kutenga mkubwa na mdogo kama Kifaransa kilivyo navyo. Kwa hiyo mzigo wote huangukia majina ya kuitana. Anayeitwa "anti" mbele ya watoto mchana kutwa atawezaje, ifikapo alasiri, kuzungumza kama mtu mwenye maoni ya kitaaluma juu ya mtoto?

Umri nao huzidisha utata. Si ajabu msaidizi kuwa mama wa miaka arobaini na mitano na mwalimu kuwa kijana wa miaka ishirini na minne aliyehitimu juzi. Kwa kipimo cha umri, kijana ndiye anayepaswa kunyenyekea. Kwa kipimo cha cheo, ni kinyume chake. Wengi hushindwa kuipatanisha mizani hii miwili na kukimbilia njia mbili mbaya: ama kijana anaamuru kwa ukali ili asionekane mtoto, ama anaona haya kuamuru kabisa na kazi inafanywa kwa kubahatisha. Na njia ya tatu ipo ndani ya lugha yenyewe. "Mama Achieng', naomba leo ukae na wale wanne wa dirishani" ni agizo kamili. Halipungukiwi na mamlaka yoyote, na halikumnyima mama hadhi yake. Dhamiri tegemezi, kitenzi "omba" na jina la heshima huifanya kazi ambayo sauti kubwa haiwezi kuifanya. Wanafunzi wa Kiswahili huchambua vipashio hivi katika mitihani ya sarufi kwa ustadi mkubwa. Ni wachache wanaovitumia wakiwa kazini.

Lakini upole wa agizo si ubora wake wote. Agizo linalosikika zaidi katika madarasa ya chini ni "Angalia hao". Hao ni akina nani? Waangaliwe wakifanya nini, na ili iweje? Msaidizi anayepewa agizo la namna hii atafanya lile linaloonekana kwa macho: atahakikisha daftari limejaa. Mtoto akikwama katika silabi, atamtajia. Akikosea herufi, atamshika mkono na kumwandikia. Mwalimu akipita ataona kurasa nzuri na kuridhika, na mtoto ataenda nyumbani bila kujua kusoma. Hili si kosa la msaidizi. Aliambiwa kazi, hakuambiwa lengo.

Uingereza imelichunguza jambo hili kwa mapana, na matokeo yake yanafaa kuzingatiwa hata na wasiokuwa na idadi kama hiyo ya wasaidizi. Baada ya makubaliano ya mwaka 2003 yaliyokusudia kuwapunguzia walimu mzigo wa kazi, wasaidizi waliongezeka sana katika shule za England na Wales. Peter Blatchford na wenzake walifanya utafiti mkubwa kati ya 2003 na 2008. Waligundua kwamba wanafunzi waliosaidiwa zaidi na wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa kiwango hicho hicho waliosaidiwa kidogo. Ni matokeo ya kushtua, na wapo waliokimbilia kusema kwamba wasaidizi wafutwe. Watafiti hawakusema hivyo. Walipoyachunguza mazungumzo yenyewe, waliona kwamba wasaidizi walihimiza zaidi kumalizika kwa kazi kuliko kueleweka kwake, waliuliza maswali ya kujibiwa kwa neno moja, na mara nyingi waliwapa watoto majibu. Waliona pia kwamba walimu wengi hawakuwa wametengewa muda wa kupanga au kujadili somo pamoja na wasaidizi wao. Mara nyingi msaidizi aliokota maana ya somo kwa kumsikiliza mwalimu akiwafundisha watoto, sawa na mtoto mwenyewe. Pale mashauriano yalipokuwepo, yalitegemea hisani ya msaidizi kufika mapema au kuchelewa kuondoka. Mwaka 2015 shirika la Education Endowment Foundation lilitoa mwongozo kwa shule za huko, na mojawapo ya mapendekezo yake lilikuwa hilo hilo: wasaidizi waingie darasani wakiwa wameandaliwa, na utengwe wakati wa mwalimu na msaidizi kukutana nje ya somo.

Huko Mumbai na Vadodara nchini India, mpango wa shirika la Pratham uliochunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulitumia wasichana wa mitaani, wengi wao wakiwa wamemaliza shule ya sekondari tu, kuwafundisha watoto wa darasa la tatu na la nne waliobaki nyuma. Malipo yao yalikuwa madogo. Waliitwa balsakhi, yaani rafiki wa mtoto, na alama za watoto zilipanda. Haiwezi kudaiwa kwamba mawasiliano pekee ndiyo yaliyoleta tofauti, maana balsakhi aliwatoa watoto wake kando na kuwafundisha peke yake kwa sehemu ya siku. Lakini jambo moja halina ubishi: alijua watoto wake ni akina nani, alijua wanatakiwa kufika wapi, na alikuwa amefunzwa kabla ya kuanza. Elimu ndogo haikumzuia.

Nchini Kenya, msaidizi ana umuhimu mwingine ambao wataalamu wa lugha wangepaswa kuwa wa kwanza kuutaja. Sera ya elimu inaelekeza kwamba watoto wa chekechea na wa gredi ya kwanza hadi ya tatu wafundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule. Mwalimu anaweza kutumwa mahali asipokijua kilugha cha wenyeji. Msaidizi mara nyingi huajiriwa kutoka hapo hapo kijijini. Hivyo yeye ndiye mkalimani wa darasa, ingawa hakuna barua ya kazi inayomwita hivyo. Mwalimu anauliza kwa Kiswahili, "Ni nini kinachoanza kwa sauti /m/?" Watoto wanamtazama. Msaidizi anageuza swali kwa lugha yao, nao wanataja vitu ambavyo majina yake katika lugha hiyo hayaanzi kwa /m/ hata kidogo. Mwalimu anadhani watoto hawajui. Msaidizi anadhani mwalimu ana maswali ya ajabu. Laiti wangezungumza dakika tano kabla ya somo, wangegundua kwamba swali hilo halitafsiriki, na kwamba lililohitajika ni kuwaonyesha watoto picha na kuwatajia majina ya Kiswahili kwanza. Mafunzo ya tafsiri na ukalimani yapo katika vyuo vikuu, na wanafunzi husoma juu ya ukalimani wa mikutano na wa mahakama. Ukalimani wa darasa la kwanza, ambao unafanyika kila asubuhi na kumgusa kila mtoto, haujapata mhadhiri wake.

Hapa ndipo suala la adabu linaporudi kwa uzito. Penelope Brown na Stephen Levinson, katika nadharia yao ya upole, wanaeleza kwamba kila mzungumzaji ana hadhi anayotaka isiguswe, na kwamba kukosoa ni miongoni mwa vitendo vinavyoitishia hadhi hiyo. Wazungumzaji wa Kiswahili walilijua hilo kabla ya nadharia; ndiyo maana husemwa kwamba heshima si utumwa. Methali hiyo hunukuliwa kumtuliza mdogo anayetakiwa kunyenyekea. Ni nadra kunukuliwa kwa maana yake nyingine, kwamba anayemheshimu mkubwa hajajiuza kwake, na kwamba ulimi wake ungali wake. Msaidizi wa yule mtoto wa sikio angeweza kusema mambo mawili. La kwanza, "Mwalimu, umekosea, huyu mtoto si mkaidi." Hili ni kweli, na litaleta ugomvi. La pili, "Mwalimu, kuna kitu nimekiona kwa huyu mtoto nikimnawisha. Naomba ukipata nafasi umwite ukiwa upande wake wa kushoto, kisha upande wa kulia, uone." Hili nalo ni kweli. Halikuficha chochote. Limempa mwalimu ushahidi badala ya hukumu, na kumwachia agundue mwenyewe. Tofauti kati ya kauli hizi mbili si ya ukweli na uongo, wala ya ujasiri na woga. Ni ya ufundi wa lugha, na ufundi hufundishika.

Wajibu wa ufundi huo hauwezi kuwekwa kwenye mabega ya msaidizi peke yake, kwa kuwa yeye ndiye mnyonge kati ya wawili hao. Mwalimu anayengoja msaidizi ajitokeze kusema atangoja sana. Inafaa aulize, tena aulize swali linalojibika. "Je, mambo yako sawa?" hujibiwa "Ndiyo, Mwalimu" kila siku ya mwaka. "Leo ni nani aliyekupa taabu katika kusoma, na alikwama wapi?" haliwezi kujibiwa kwa "ndiyo". Zaidi ya hayo, mwalimu akimkaripia msaidizi mbele ya watoto, asishangae kesho yake watoto wanapokataa kumsikiliza. Watoto wa miaka mitano ni wanaisimujamii hodari. Hujua ni nani anayestahili kuitikiwa kwa kumsikiliza mkubwa akimsemesha mwenzake. Na walimu wanaohamia Kiingereza ghafla ili kumsema msaidizi kwa lugha wanayodhani haielewi, au haieleweki na watoto, hawamfichi mtu yeyote. Toni ya sauti haihitaji kamusi.

Liko pia suala la langoni. Mzazi anayekuja kumchukua mwanawe humkuta msaidizi kwanza, na humuuliza yeye, kwa sababu ni jirani na hamwogopi. "Mtoto wangu anaendeleaje?" Msaidizi afanye nini? Akijibu yote, huenda akamtangulia mwalimu katika jambo zito kama lile la sikio, au neno likafika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kabla ya jua kutua. Asipojibu, ataonekana anaficha. Walimu wengi hukasirika baada ya tukio. Wachache hukaa na msaidizi mwanzoni mwa muhula na kukubaliana kwamba yeye aseme mtoto alikula, alicheza, alianguka, na kwamba la masomo na la afya walizungumze na mzazi wakiwa wote wawili. Ni makubaliano ya dakika kumi.

Wapo watakaopinga kwamba darasa likiwa na sauti mbili halina mwenyewe, na kwamba mwalimu ndiye atakayeulizwa na mkuu wa shule mambo yakiharibika. Hoja hii ina nguvu, na haifai kupuuzwa. Uamuzi ni wa mwalimu. Hata hivyo, kuamua si sawa na kujua. Daktari ndiye anayeandika dawa, lakini hataiandika vyema ikiwa muuguzi aliyekesha na mgonjwa ameambiwa anyamaze. Pingamizi la pili ni la muda, nalo ni gumu zaidi. Msaidizi anayelipwa kwa michango ya wazazi, kwa saa zile tu ambazo watoto wapo shuleni, hawezi kuombwa abaki nusu saa bure kila siku kwa jina la mawasiliano bora. Bodi ya usimamizi inayotaka wafanyakazi wake wazungumze haina budi kuulipia wakati wa kuzungumza. Kusema vinginevyo ni kuirudia ile hisani iliyoonekana Uingereza, na mjini Nairobi hisani hailipi kodi ya nyumba.

Yapo, hata hivyo, yasiyongoja bodi. Mwanafunzi wa ualimu anayejiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha huandika azimio la kazi lenye safu ya maoni, na andalio la somo lenye shabaha, hatua, muda, shughuli za mwalimu na shughuli za mwanafunzi. Mhadhiri atakayekuja kumkagua ataisoma karatasi hiyo mstari kwa mstari na kuitilia alama. Hakuna mahali katika andalio hilo panapouliza iwapo kuna mtu mzima mwingine darasani, atafanya nini hatua ya pili itakapoanza, na kwa lengo gani. Idara zinazosimamia mbinu za kufundisha Kiswahili zinaweza kuongeza safu moja ya shughuli za msaidizi, na mstari mmoja chini ya karatasi wa kuandika alichokiona msaidizi. Mwanafunzi atakayelazimika kuujaza mstari huo atalazimika kwanza kumwendea mama aliyeketi karibu na mlango, amwamkie, na kumuuliza.